Jezi Namba Tisa ya Mirambeni

Kila siku baada ya shule, Wangeci alipanda ngazi za duka la baba yake katika mtaa wa Dengfeng, akatupa mkoba nyuma ya marobota ya suruali za jinzi, akaanza kazi. Haikuwa kazi ya kubeba wala ya kufagia. Ilikuwa kazi ya kusoma.

Wangeci alikuwa na miaka kumi na miwili. Alizaliwa Nairobi, lakini tangu darasa la kwanza alisoma shule ya Kichina hapo Guangzhou, na maandishi yale yenye vistari vingi aliyasoma kama wewe unavyosoma jina lako. Watu wazima wa mtaa walijua kuuliza bei, kuomba wapunguziwe, na kusema "mei you", yaani hakuna. Kusoma hawakujua. Simu zao zilikuwa na programu ya kutafsiri, lakini mwaka uliopita programu hiyo iligeuza oda ya zipu kuwa oda ya vitasa vya milango, na mfanyabiashara mmoja wa Mombasa akaletewa katoni arubaini za vitasa. Mtaa mzima ulicheka isipokuwa yeye. Tangu siku hiyo oda zote za maana zilipitia kwa Wangeci.

"Wangeci, soma hapa!"

"Wangeci, mwandikie laoban nataka bluu iliyokolea, si bluu ya kufifia!"

Laoban ni bosi, mwenye karakana. Wangeci aliandika, akatuma, jibu likarudi, akalisoma kwa sauti. Watu wakaamini.

Wiki ile ya Aprili mtaa ulikuwa umechemka. Maonyesho makubwa ya biashara yalikuwa yamefunguliwa Pazhou, na katika wageni waliokuja kununua mashine na vigae walikuwamo wachezaji wa zamani wa Chuo cha Ufundi Mirambeni. Wale wenyewe! Wale waliobeba kombe la vyuo miaka mitatu mfululizo, ambao picha yao ilikuwa imebandikwa ukutani katika mgahawa wa Anti Mildred, wamekunja mikono, soksi zimepanda mpaka magotini. Sasa walikuwa wakandarasi na wafanyabiashara wenye vitambi, lakini Jumamosi saa kumi alasiri wangevaa jezi tena, wacheze na timu ya wafanyabiashara wa Kongo.

Anti Mildred alisoma chuo hicho hicho, na ndiye aliyekuwa katibu wa mechi.

"Sikilizeni, nyinyi watoto," alisema huku akikanda unga wa chapati. "Watu wa Mirambeni wana desturi yao. Namba ya mtu ni ya mtu. Popote wanapokutana kucheza, majina huitwa kwanza, na kila mmoja hupokea jezi yake na kujibu, 'Nipo!' Aliyefariki, jezi yake hutundikwa kwenye mwamba wa lango. Namba nne ni ya marehemu Mwadini, na hakuna mwingine atakayeivaa. Na hakuna anayevaa namba ya mwenzake aliye hai. Hakuna!"

Rafiki yake Wangeci, Kethia, alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda akining'iniza miguu. Wazazi wake walitoka Lubumbashi, ambako 'ndiye' na 'ndiyo' huwa 'njo', na maneno yake yalikuwa makali kama pilipili.

"Papa yangu Jules njo kapiteni yetu," Kethia alisema. "Na wako, Wangeci? Atabeba maji?"

"Baba yangu alisoma Mirambeni!"

"Kusoma, nimesikia. Alicheza?"

Uso wa Wangeci ukapata moto. Baba yake, Tom, alisimulia mechi za Mirambeni kila walipokula, akiruka kutoka kitini, akipiga mpira usioonekana. Wangeci hakuwahi kumuuliza alicheza nafasi gani. Sasa jibu likamtoka lenyewe.

"Alikuwa namba tisa!"

"Tisa? Mfungaji?" Kethia akaruka chini kutoka kwenye kreti. "Aya basi! Jumamosi nitaona jezi yake. Nisipoiona, utaniita mama mkubwa mwezi mzima."

Jioni hiyo hiyo Anti Mildred alimletea Wangeci simu yake na karatasi ya majina, ili ayatume kwa Mama Liang, mwenye karakana ya kushona kule Xintang, aliyeahidiwa pia oda ya jezi mia tatu za shule. Wangeci alisoma: namba moja Abubakary, namba mbili Abass, akashuka mpaka namba tisa. Heriel. Pembeni yake palikuwa na alama ya kuuliza.

"Huyu ana nini, Anti?"

"Viza yake imechelewa. Labda atakuja, labda hatakuja. Lakini iandike, jezi yake iwepo."

Wangeci alibaki na simu mkononi. Labda hatakuja, alijiambia. Basi jezi ingekaa tu kwenye katoni bila kazi, na Kethia angeiona humo. Nani angeumia? Akaandika kwa Kichina, mstari mmoja baada ya mwingine, na alipofika namba tisa akaandika herufi tatu: TOM. Akatuma. Hakuna aliyeuliza. Nani angeuliza, na hakuna mwingine aliyehangaika kufungua ujumbe uliojaa Kichina?

Jumamosi, karibu saa sita mchana, mgahawa wa Anti Mildred ulijaa mpaka mlangoni. Wachezaji wa zamani walikumbatiana, wakapigana vitambi, wakaulizana nani amebaki na nywele. Tom alisimama katikati yao akicheka mpaka machozi. Ndipo teksi iliposimama nje, akashuka mtu mrefu, mwenye upara unaong'aa na begi moja begani.

Kelele zilizotoka hapo zilitikisa vikombe.

"Herieeel! Tisa! Tisa amekuja!"

"Viza nimeipata juzi saa tisa mchana," alisema Heriel, akiwa amebebwa juu juu. "Nishusheni, mgongo huu si wa chuoni! Nimesafiri usiku kucha. Nipeni jezi yangu tu, chai baadaye."

Wangeci akajibanza nyuma ya kreti za soda.

Anti Mildred alipasua katoni, akafuta mikono, akaanza kuita. "Namba moja, Abubakary!" "Nipo!" "Namba mbili, Abass!" "Nipo!" Jezi nyekundu zilipaa hewani moja baada ya nyingine. Iliponyanyuliwa namba nne ya Mwadini, watu waliinamisha vichwa, kisha wakaendelea. Anti Mildred akatoa namba tisa, akaikung'uta, akaigeuza mgongo.

TOM.

Heriel aliitazama jezi, kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kumbe nimekufa na sikuambiwa?"

"Huyu Mama Liang!" Anti Mildred aliwaka. "Mimi nimeandika Heriel kwa mkono wangu! Ametuharibia siku, na mechi ni saa kumi! Wangeci! Chukua simu yangu, umwandikie hivi: ametuaibisha mbele ya wageni, na ile oda ya jezi mia tatu za shule tunampa mtu mwingine. Leo hii!"

Wangeci akachukua simu. Kabla hajaandika neno, ujumbe ukaingia kutoka kwa Mama Liang mwenyewe. Aliuliza kama jezi zimependeza. Alisema alizifanya usiku kwa mkono wake, binti yake akimsaidia kubana herufi, na kwamba ile oda ya shule wanaisubiri kwa hamu.

"Anasema nini?" Anti Mildred aliuliza. "Soma!"

Macho yote yalikuwa kwake. Wangeci angeweza kusema lolote. Angeweza kusema Mama Liang anaomba radhi kwa kosa lake, nao wangeamini, kama walivyoamini siku zote. Kethia alikuwa mlangoni na baba yake, akitazama jezi kwa macho makubwa.

"Wangeci, soma, mama," Tom alisema kwa upole. Alikuwa akimwita hivyo alipomwona amechoka.

Upole huo ndio uliomvunja.

"Si yeye," Wangeci alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia. "Si Mama Liang. Aliandika nilichomwandikia. Mimi ndiye niliyeandika Tom. Nilimwambia Kethia kwamba Baba alikuwa namba tisa, na sikutaka kuonekana mwongo. Msimnyang'anye oda yake."

Tom alisogea akachukua jezi, akaitazama. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilimuuma Wangeci zaidi.

"Mimi?" alisema. "Mimi nilijaribu kuingia timu ya Mirambeni mara tatu, nikakatwa mara tatu. Mwalimu wa michezo aliniambia miguu yangu haielewani. Basi nikapiga ngoma jukwaani miaka mitatu mpaka viganja vikatoa sugu. Hiyo ndiyo sifa yangu, na inanitosha. Mwanangu, umenivika nguo ya mtu mwingine, na mwenyewe amesimama hapa uchi."

"Nisamehe, Baba. Nisamehe, Anko Heriel."

Heriel alikuwa akimkazia Tom macho. "Ngoja. Ngoma? Wewe ndiye yule mwembamba wa ngoma? Aliyepiga mpaka ngozi ikapasuka kwenye fainali?"

"Ndimi."

"Haya!" Heriel akapiga meza. "Salamu tutapeana baadaye. Sasa ni saa sita na nusu. Jezi inaweza kurekebishwa?"

Wangeci tayari alikuwa akiandika. Safari hii alimweleza Mama Liang ukweli wote, na jibu lilipokuja alilisoma lilivyo: "Leteni haraka. Na huyo mtoto aje mwenyewe."

Walikimbia, Tom na Wangeci, mpaka treni ya chini ya ardhi. Safari ya Xintang ilikuwa zaidi ya saa nzima, na Wangeci aliibana jezi kifuani njia yote kama mtoto mchanga. Karakana ilinguruma kwa vyerehani. Mama Liang, mwanamke mfupi mwenye tepu ya kupimia shingoni, hakumgombeza. Aliiweka jezi kwenye mashine ya pasi, akaibana mpaka gundi ikalainika, kisha akamkabidhi Wangeci kibano kidogo.

"Wewe uliziweka," alisema kwa Kichina. "Wewe uzitoe."

Wangeci akaanza na T. Ilikuwa ya moto na ya kunata, ikamchoma ncha za vidole. Ukivuta kwa pupa, kitambaa kinachanika. Ukisitasita, gundi inapoa na herufi inashika upya. Akabandua O. Alipofika M, machozi yalikuwa yakidondoka juu ya mashine na kufanya mvuke mdogo. Jina la baba yake lilikuwa limelala mezani, vipande vitatu vyeupe vilivyojikunja. Baba yake alisimama nyuma yake na hakumsaidia, ila hakuondoka.

Kisha Mama Liang akapanga herufi mpya sita, akazinyoosha, akashusha pasi. HERIEL.

Walifika uwanjani saa kumi kasoro dakika nane. Uwanja ulikuwa wa nyasi bandia chini ya barabara ya juu, magari yakipita vichwani pao. Timu mbili zilikuwa zimepanga mstari, na jezi namba nne ikining'inia kwenye mwamba wa lango. Wangeci alikimbia na jezi ameishika juu.

"Namba tisa!" Anti Mildred akaita kwa sauti iliyokauka. "Heriel!"

"Nipo!" Akaivaa hapo hapo. "Nipo, na ni mzima!"

Mbona mechi ilikuwa mechi! Wakongo walikuwa vijana kidogo, wakakimbia kama wanaofukuzwa, na Jules akafunga kabla jasho halijatoka. Mirambeni walipumua kwa midomo wazi. Ndipo Tom, aliyekuwa amepata pipa tupu la plastiki, alipoanza kulipiga kwa viganja viwili, akaimba wimbo wao wa chuoni, na watu wazima wote wakaudaka:

"Tisa piga, tisa piga,
lango wazi lakungoja!
Hakuna wa kukuiga,
tupe moja, tupe moja!"

Heriel aliinua kichwa kama aliyeitwa na mama yake. Mpira ukamjia kutoka kwa Abass, akautuliza kwa kifua, akamzunguka Jules, akapiga. Wavu ukatikisika! Wangeci alipiga kelele mpaka koo likawasha. Mechi iliisha sare, bao moja kwa moja, na wazee watatu wa Mirambeni wakalala chini wakiomba maji.

Kethia alikuja akasimama mbele ya Wangeci.

"Baba yangu hakuwa tisa," Wangeci alisema kabla hajaulizwa. "Alikuwa mpiga ngoma. Nitakuita mama mkubwa mwezi mzima."

Kethia alimtazama Tom, ambaye bado alikuwa akilipiga pipa. "Mwezi? Basi wiki mbili," alisema. "Ile ngoma njo ilitunyima ushindi."

Heriel akaja akichechemea, akakaa chini kando yao. "Wangeci," alisema, "mimi nilifunga mabao, naye baba yako akapiga ngoma. Ukimpa sifa yangu, umetupora sote wawili. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili: mtaani kwenu watu wazima hawayaoni maandishi haya. Wanaona kwa macho yako. Jicho likidanganya, mwili mzima unatumbukia shimoni, na leo angetumbukia mama wa watu aliyefanya kazi yake vizuri. Umesema kweli kwa kuchelewa, lakini umeisema wakati hakuna aliyeweza kukukamata. Mtu wa hivyo mimi namwamini."

Simu ya Anti Mildred ikalia. Aliitazama skrini, kisha akamtazama Wangeci kitambo. Akamnyooshea simu.

"Ni Mama Liang. Tusomee."

Wangeci alisoma kimya kwanza. Masikio yakamwaka. Kisha akasimama wima, akasoma kwa sauti ya kufika mpaka upande wa Wakongo, bila kuruka neno.

"Anauliza nani ameshinda. Anasema oda ya shule ataianza Jumatatu. Na anasema yule mtoto asipoandika vizuri majina ya shule, atabandua herufi za jezi zote mia tatu kwa meno."

Uwanja mzima ukapasuka kwa vicheko, na Wangeci akacheka pamoja nao.

"Mjibu," alisema Anti Mildred, "kwamba tumetoka sare, na kwamba majina atayaandika mtoto huyo huyo."