Kiriba Kilichochanwa Njia ya Murongo

Kiriba kilikuwa kimelala ubavu mchangani, kimenywea kama tumbo la mbuzi aliyechunwa. Chini yake palikuwa na mchano mmoja ulionyooka, wa kisu. Maji ardhi ilikuwa imeshayanywa yote.

Shaushi Hatibu, polisi wa boma, alikitazama, kisha akatazama mbele: nyika tupu ya Kyerwa, miiba na vichuguu, hakuna moshi wala ng'ombe. Mwaka ule wa 1912 boma lilikuwa limempa baiskeli awasindikize wafanyabiashara watatu wa Nyaishozi hadi Murongo. Baiskeli yenyewe ilikuwa ikitema mnyororo hata akachoka kuitukana.

"Ni leo, afande," Saleh alisema, sauti imemkauka. "Nisipofika kabla ya magharibi, Mwajabu nimemkosa."

Saleh ndiye aliyekuwa bwana harusi. Mara mbili ameahidi kufika na hakufika, na baba wa bibi harusi ameapa kwamba hakuna ya tatu. Bila maji, kwa jua lile, ilibidi warudi.

Hatibu akaanza kuhoji. Nani ana kisu? Wote wanacho. Nani alikuwa karibu na mizigo? Wote, walipokuwa wakiziba pancha chini ya mgunga. Nyayo? Walizivuruga wenyewe, Feruzi, mwenzao aliyebeba maji, alipokwenda kuchota ya kutawadha akapiga ukelele. Feruzi huyohuyo akamshauri afande akihoji kichuguu, huenda kimeona. Hatibu akamwambia afunge mdomo, mate yake ndiyo maji yaliyobaki.

Mwisho akakata tamaa. Akawaambia wasali adhuhuri, kisha wageuze. Saleh na Feruzi wakainama kutayamamu kwa vumbi. Abdulrahim, mfanyabiashara wa tatu, aliyekuwa akiwaongoza njia, hakuinuka.

"Husali, bwana?"

"Nimeshasali, afande. Mlipokuwa mnaziba pancha."

"Kwa udhu wa maji gani? Kiriba kilikuwa hakijafunguliwa."

Abdulrahim akatazama viganja vyake. Angeweza kusema udhu wa alfajiri haukumtoka.

"Nilitayamamu."

"Na kiriba kimejaa? Wewe, uliyemkemea Feruzi leo asubuhi kwa kuacha kisigino kikavu alipotawadha?"

"Hakikuwa kimejaa. Nilikuwa nimeshakichana. Maji nimeweza kuyamwaga. Kusema uongo juu ya sala siwezi."

Saleh aliinuka, akanyakua pampu ya baiskeli amrukie. Feruzi akamdaka kiunoni.

"Kwa nini?" Hatibu aliuliza.

"Mwajabu alikuwa mke wangu. Nilimwacha kwa hasira, kwa maneno ya jirani tu. Eda ikaisha naona aibu kwenda kumrejea. Njia hii niliijua kwa kumfuata kwao. Nilitaka turudi, baba yake avunje ahadi, nikampose upya. Kuna kisima cha wafugaji huko nyuma. Nisingewaua."

Hatibu akamgeukia Saleh. "Ulijua alikuwa mumewe?"

"Nyaishozi nani hajui?"

"Na hukuniambia?"

"Uliuliza visu, afande."

Hatibu alifumba macho kitambo. Alipoyafumbua, Saleh alikuwa amesimama mbele ya Abdulrahim, akimuuliza kama kuna njia ya kufika Murongo leo. Ipo, ya mkato, Abdulrahim akajibu, ila hakuna mwingine anayeijua.

"Basi tangulia," Saleh alisema.

Walikwenda midomo imepasuka, wakikokota baiskeli mchangani. Jua lilikuwa bado halijazama walipouona ukijani wa Mto Kagera na mapaa ya Murongo. Abdulrahim akasimama, akanyoosha mikono.

"Nifunge, afande. Heri Mwajabu anione mfungwa kuliko anione nimemletea mume."

Hatibu akaitoa kamba. Akaitazama, akairudisha mkobani.

"Hapana. Utaingia bila kamba, mbele yetu sote, akuone. Kiongozi wa njia ni wewe."