Hitimisho la Daktari Huenda

Mchapaji alirudisha kinasa sauti nyuma, akasikiliza tena, kisha akavua hedifoni na kuziweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. Alikuwa mama mtu mzima. Alikuwa amechapa ripoti za picha katika hospitali ile tangu enzi za taipureta, na sauti ya daktari wake aliijua kuliko ya mumewe. Ile ya mwisho haikuwa yake.

"Daktari," alisema akiwa amesimama mlangoni, "asubuhi ulipokuwa unasoma picha, ulikuwa na mgeni humu ndani?"

"Mgeni gani? Nilikuwa peke yangu."

"Basi njoo usikilize mwenyewe."

Daktari wa picha hushinda gizani mchana kutwa. Dirisha limezibwa kwa pazia nene ili vivuli vionekane vizuri, naye anatazama mapafu na mifupa ya watu ambao hata sura zao hazijui, anaeleza alichokiona kwenye kinasa sauti, mchapaji anaandika, na ripoti inapanda wodini kwa daktari aliyemtuma mgonjwa. Huyo wa wodini hana jicho la picha. Anachokitafuta ni mstari wa mwisho, hitimisho, umwambie mgonjwa ana nini na afanywe nini.

Sasa hapo ndipo daktari wetu alipokuwa na ugonjwa wake. Jicho alikuwa nalo, hakuna aliyebisha. Neno ndilo lililomshinda. "Huenda ni kivimbe, huenda ni kovu la zamani, huenda si kitu, mlinganishe na hali ya mgonjwa." Unamaliza ukurasa mzima na bado hujui umpe mgonjwa dawa au umpe pole. Madaktari wa wodini walimbandika jina la Daktari Huenda, naye alijua, akawa anacheka nao. Hata binti yake alimtania nyumbani.

"Baba, leo nipike wali au viazi?"

"Huenda wali."

"Haya, na mimi huenda nikapika."

Wenyewe walicheka. Yeye aliona ule ni uangalifu wa mtaalamu. Mimi nauita uoga, kwa sababu anayeandika huenda halaumiwi na mtu, yule wa upande wa pili ndiye anayeumia.

Basi akavaa hedifoni. Akajisikia mwenyewe akisoma picha ya kifua ya dereva wa gari la wagonjwa, mtu mzima wa afya aliyekuja kupimwa kwa utaratibu wa kazi tu. "Kuna kivuli hafifu pafu la kulia. Huenda ni mshipa. Hata hivyo, ugonjwa hauwezi kukataliwa." Kisha kimya. Halafu mtu akavuta pumzi karibu kabisa na kinasa sauti, kama aliyekuwa akisubiri zamu yake kwa adabu. Sauti ikasema, kavu, bila haraka: "Kivimbe. Kimesambaa. Hatapona."

Mle chumbani palinuka udongo mbichi, udongo uliotoka kuchimbwa sasa hivi.

Daktari alifungua tena ile picha. Asubuhi kilikuwa kivuli chembamba tu, angeweza kuapa. Sasa pafu lilikuwa na donge jeupe lenye kingo za miiba, na madonge madogo yameizunguka mizizi ya mapafu.

"Usichape," alinong'ona. "Futa yote."

"Nishafuta, daktari. Nimefuta kabla sijakuita."

Lakini ripoti ilipanda. Jioni daktari wa kifua alipiga simu kutoka wodini, kachangamka kweli. "Mzee, leo umenyoosha maneno. Mstari mmoja, nimeelewa hapo hapo. Ndiyo ripoti tunazozitaka hizi."

Na hapa nisimfiche: alifurahi. Kidogo, lakini alifurahi, maana miaka yote ile hakuna aliyewahi kumsifia ripoti. Akasema asante. Kabla mwezi haujaisha, wenzake yule dereva walikuwa wanamchangia sanda.

Tangu hapo kila huenda ikawa na mwenye kuimalizia. Daktari akisema huenda ni nimonia, pumzi inavutwa nyuma ya kiti chake, na sauti inataja kitu kibaya zaidi ya nimonia. Akisema mfupa huenda una ufa, sauti inausagasaga. Haikuwahi hata mara moja kuamua kwa upande wa heri. Na picha zilifuata sauti, na wagonjwa wakafuata picha. Wodini walizidi kumsifia. Mchapaji akaacha kula mchana, maana ule udongo alikuwa anausikia mpaka kwenye chakula.

Mchapaji ndiye aliyemleta shangazi yake, bibi mmoja mkavu anayesifika kwa kutoa majini. Bibi alifika mlangoni mwa chumba cha picha, akanusa, akarudi nyuma.

"Humu siingii," alisema. "Tuongelee hapa hapa, na msipandishe sauti."

"Nani kanitumia jini hili, bibi?" daktari aliuliza.

"Hakuna aliyekutumia. Umemkaribisha mwenyewe. Huyu anakaa kwenye neno ambalo halina mwenyewe. Wewe unafungua mlango, unaondoka, huufungi. Miaka yote hiyo. Ulitaka akae nani?"

"Nifanyeje?"

"Funga. Ukiona kitu, kitaje. Usipokiona, sema hakipo. Kama hujui, sema sijui, halafu sema apimwe nini ili ijulikane. Usimwachie mwanya hata wa unywele. Akikosa pa kukaa ataondoka."

"Na nikiacha?"

Bibi alimtazama kwa huruma, jambo lililomtisha kuliko yote. "Ukiacha, baba, mimi sitarudi. Sina dawa ya mtu anayefungua mlango kwa mkono wake."

Akajitahidi. Mwanzoni ulimi ulikuwa mzito kama wa mgeni wa lugha, ila alisema. "Mapafu safi. Hakuna ugonjwa." Pumzi ilivutwa, ikakaa, ikashuka bila neno. "Sijui hiki ni nini. Achukuliwe kipande kidogo cha nyama, kipimwe." Kimya. Siku zikaenda, harufu ikapungua, mchapaji akaanza tena kula, na siku moja alimsikia daktari akipiga mluzi gizani, akacheka peke yake kwenye kiti chake.

Ndipo binti yake akaja na kikohozi.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wake wa pekee. Mama yake alifariki angali mdogo, na nyumba nzima ilikuwa wao wawili. "Chaki tu hiyo, baba," alisema, lakini daktari wa kifua alimwandikia picha kama anavyomwandikia mgonjwa yeyote, bila kujua ni mtoto wa nani. Akapigwa picha, akakaa kwenye benchi la nje na madaftari ya wanafunzi mapajani, anasahihisha.

"Mwachie mwenzako aisome," mchapaji alimsihi.

"Mwenzangu yuko likizo. Na nisiposoma mimi, picha itabaki haina mwenyewe. Unajua nani ataisoma."

Aliingia akafunga mlango. Nje jua la saa sita lilikuwa linawaka, ndani giza lile lile. Picha ikafunguka. Akaitazama, moyo ukatulia: mapafu yalikuwa safi, meusi na mapana kama inavyotakiwa. Chini kushoto, pale ubavu unapopita juu ya mshipa, palikuwa na kijivuli, na hicho alikijua, alishawafundisha wanafunzi wa udaktari kizazi baada ya kizazi kwamba pale mistari miwili inapishana tu, si kitu. Alijua. Kama angekuwa mtoto wa mwingine angemaliza kabla chai haijapoa.

Akabonyeza kitufe.

"Mapafu safi," alisema. "Moyo wa kawaida."

Nyuma yake pumzi ikavutwa, ikasubiri.

Ilibaki sentensi moja, hakuna ugonjwa, maneno mawili ambayo angeyasema hata usingizini, lakini alikuwa baba sasa, si daktari, na macho yakarudi chini kushoto, akaitazama ile mistari inayopishana, akaitazama tena, akajiuliza je kama safari hii si mistari, je kama anamwambia mwanawe yuko salama halafu hayuko, je akija kulaumiwa, si na wodi wala na mkubwa wa hospitali bali na kiti kitupu nyumbani mezani, na hofu hiyo, ambayo yeye aliiona ni mapenzi na ilikuwa mapenzi kweli, ikampanda kifuani, ikamfika kooni, ikaukuta ulimi uliozoea njia moja maisha yake yote, na kabla hajajua anachofanya ulimi ukapita njia yake.

"Huenda," alisema.

Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akang'oa waya wa kinasa sauti ukutani. Taa yake nyekundu haikuzimika. Harufu ya udongo ikajaa chumba, nzito, ya kaburi lililo wazi, na sauti iliyo nyuma ya kiti chake ikamalizia hitimisho bila haraka, na safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe, Daktari Huenda, ila imenyooka, haina shaka.

Simu ikalia. Aliipokea kwa sababu mkono ulizoea kuipokea.

"Mzee," alisema daktari wa kifua, "ripoti ya yule mwalimu nimeipata. Masikini, msichana mdogo vile. Lakini umeandika vizuri mno, hakuna pa kuuliza. Asante."

Daktari aliirudisha simu pale pale. Hakutaka kuitazama skrini, akaitazama. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, akakuza, akapunguza mwanga, akaongeza, akageuza weusi kuwa weupe. Kwa jicho lake lile ambalo hakuna aliyewahi kulibishia, alipekua chini kushoto akitafuta huenda moja tu, hata ndogo, ya mistari inayopishana, ya kovu, ya picha iliyotikisika. Haikuwepo; pale pale palikuwa na donge jeupe lenye kingo za miiba.

Mlango uligongwa kidogo, na binti yake akakohoa nje.

"Baba? Wameniambia nije kwako. Inasemaje?"