Fimbo Iliyopinda ya Kapya

Ndani ya mfuko wa turubai hamkuwa na fimbo ya bilyari ya marehemu Kapya. Mlikuwa na ufito wa mkaratusi.

Madeleine, mjane wake, aliutoa, akauangalia, akakaa chini palepale mbele ya kabati la klabu alikochezea mumewe, na kitambaa cheusi cha kilio kichwani. Alikaa vile mpaka polisi akaja.

Ilikuwa Alhamisi, mwisho wa mwezi wa sita, mwaka 1955, katika cité, mtaa wa Waafrika, ya Élisabethville. Jumapili ilikuwa siku ya kumaliza kilio. Wazee wa ukoo walikuwa njiani tayari, juu ya lori la samaki kutoka Kilwa, ile ya ziwani. Kwao mwanaume akifa, mrithi wake hukabidhiwa upinde wa marehemu mbele ya watu, na hapo ndipo mjane huvuliwa kitambaa akawa huru. Kapya hakuwinda hata panya maisha yake yote. Upinde wake ulikuwa ile fimbo, na wazee walikwisha kubali. Aliichongesha mwaka 1934 kwa fundi mmoja Mwitalia, kwa vipimo vya mkono wake, ikatiwa pete ya shaba yenye jina lake. Bila fimbo, hakuna urithi. Bila urithi, Madeleine angebaki mke wa maiti.

Inspekta msaidizi Kasonde alifika kwa baiskeli saa nne asubuhi. Kamishna wake, Mbelgiji, alikuwa amecheka: polisi mzima kwa kijiti kimoja? Kasonde hakucheka. Mama yake mwenyewe alivaa kitambaa kile miaka mitatu.

"Pole, Mama Madeleine. Nani alifungua huu mufuko mara ya mwisho?"

"Mimi, siku ya maziko, mwaka jana. Kisha tukaufungia mu kabati. Bazee banakataza kuufungua mpaka siku yenyewe."

"Na leo umeufungua sababu gani?"

Madeleine alikaza fundo la kitambaa chake.

"Haya, shefu. Ile fimbo ilikuwa imepinda. Na njo mimi mwenyewe niliipindisha."

Akaeleza. Kapya alipoanza kuugua, yeye alitaka kumfurahisha. Akaisafisha fimbo kwa maji ya moto na sabuni, vile anavyosafisha mchi wa kinu, akaianika juu ya bati, jua la mwezi wa kumi. Jioni ilikuwa imejikunja kama pembe ya ng'ombe.

"Alikasirika?"

"Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Madeleine, sasa fimbo yangu inajua kukata kona yenyewe.' Hakunigombeza hata siku moja. Leo nilikuya kuipakaa mawese, pengine itanyooka, bantu basione haya yangu."

Chupa ya mawese ilikuwa pembeni yake, imejaa. Kasonde alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba haikupata kazi.

Akauchukua ule ufito, akausogeza dirishani. Mwizi wa kawaida angetia mpini wa ufagio akaenda zake. Huyu aliupiga randa, akausugua kwa msasa, akaulinganisha unene na uzito, kisha akaupaka vanishi. Hiyo ni kazi ya siku nzima kwa ajili ya kudanganya mfuko.

Upande mnene palikuwa na alama za vidole. Vanishi ilikuwa haijakauka vizuri mtu alipoushika. Kasonde alitoa kioo chake cha kukuzia. Kidole gumba. Cha shahada. Cha kati. Baada ya hapo, vanishi safi kabisa.

Akaushika yeye mwenyewe kwa njia zote. Kila mara vidole vyake vitano vilikaa juu yake.

Akamwita Paulin, mlinzi wa klabu.

"Ufunguo wa kabati iko na nani?"

"Iko na mimi, shefu. Lakini sikuiba."

"Sikukuuliza hiyo. Nani mwingine aligusa hii kabati?"

"Hakuna muntu."

"Fikiri muzuri."

"Hakuna. Ni seremala tu. Mulango uliharibika nyuma ya Pasaka, akaubeba kwake kuutengeneza. Siku ya kuurudisha nilimuachia ufunguo mpaka mangaribi."

"Seremala gani?"

"Numbi, wa mutaa wa Makomeno."

"Mukono wake uko namna gani?"

Paulin alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mji anaokaa.

"Musumeno ulimukata vidole mbili, shefu. Mukono wa kuume. Cité yote inajua."

Kasonde alimchukua Madeleine aende kuitambua mali. Walitembea kwa miguu hadi Makomeno, yeye akisukuma baiskeli, mama akimfuata nyuma.

Karakana ya Numbi ilikuwa ya mabati. Katikati, kutoka kwenye boriti, fimbo ilining'inia kwa ncha yake, na chini ilifungiwa kipande cha reli. Pete ya shaba iling'aa. Fimbo ilikuwa imenyooka.

Numbi aliona sare, akaweka randa chini.

"Hii fimbo ni ya nani?"

"Ya yaya Kapya, alikuwa sawa kaka yangu."

"Uliikamata mu kabati ya klabu?"

"Ndiyo, shefu. Nilipima mufuko, nikachonga ingine. Siku ya kurudisha mulango nikabadilisha."

"Ile njo kuiba."

"Najua."

"Ulitaka kuiuzisha?"

Kwa mara ya kwanza Numbi alikasirika. Akainua mkono wake wa kuume.

"Kuiuzisha? Nilipotoka hospitali, hata kijiko kilikuwa kinaanguka. Nilisema, useremala umekwisha. Yaya Kapya njo alikuya kunitosha ku nyumba, kunipeleka ku klabu. Kila mangaribi, mwaka muzima, alinipa hii fimbo. Hii yenyewe, na hakuachaka muntu aiguse. Vidole tatu vikajifunza kukamata. Kutoka fimbo, nikakamata randa. Batoto bangu banakula sababu yake. Alikufa sijamwambia aksanti ya kweli. Na siku ya maziko nikaona banamuwekea kintu kimepinda."

"Ungelomba ruhusa."

"Kwa nani, shefu? Kintu ya marehemu haiguswi mbele ya siku yake. Bazee bangekataa. Nikasema, afazali niitwe mwizi, lakini mrithi akamate fimbo yenye heshima. Ningeirudisha Samedi, siku moja mbele ya kumaliza kilio."

"Umeinyoosha namna gani?"

"Wiki kumi. Mvuke ya birika kidogo, uzito kidogo, kila asubuhi naigeuza. Muti ukiukimbiza, unavunjika."

Watu husema shukrani ya punda ni mateke, na Kasonde alikwisha kukamata punda wengi. Mtu aliyeiba ili ashukuru, huyo alikuwa hajamjua bado. Akamgeukia Madeleine.

"Mulalamikaji ni weye, Mama. Unasema nini?"

Madeleine aliifungua fimbo kutoka kwenye boriti. Akafumba jicho moja, akaitazama urefu wake wote kuelekea mwanga wa mlangoni. Akaigeuza, akatazama tena. Machozi yakamshuka.

"Karibu miaka mbili nilikuwa nalala na ule mupindo," akasema. "Kila mara nilimukumbuka bwana yangu, niliona ile bati na lile jua tu. Aksanti, Numbi. Umenitosha mu fasi mubaya. Aksanti sana."

Numbi alifuta macho kwa ule mkono wake.

Jumapili wazee walipouliza nani ataileta fimbo, Madeleine alimtaja seremala. Numbi aliibeba mbele ya watu wote kwa vidole vitatu, akaiweka mikononi mwa Gérard, mpwa na mrithi wa marehemu. Kitambaa cheusi kikafunguliwa. Mama akajipapasa kichwa, akacheka kidogo kwa baridi ya asubuhi.

Jumatatu kamishna alisoma ripoti: mali imepatikana; ilipoibwa ilikuwa imepinda, ilirudishwa ikiwa imenyooka; mlalamikaji ameondoa mashtaka na anatoa shukrani.

"Shukrani kwa polisi?"

"Hapana, mon commissaire," alisema Kasonde. "Kwa mwizi."