Kibao cha Seremala na Mikono ya Mshonaji

Kila asubuhi nyumba ile ilikuwa na sauti mbili. Barazani, cherehani ya Mshonaji ilikimbia. Uani, msumeno wa mumewe, Seremala, ulikwaruza mbao. Zote mbili zikisikika, mambo ni shwari.

Asubuhi moja msumeno ulinyamaza ghafla.

Mshonaji aliondoa mguu kwenye pedali. Akasubiri. Kimya. Akaenda uani, futi yake ikining'inia shingoni.

Seremala alikuwa amejikunja juu ya meza ya kazi. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kinena. Alikuwa akisukuma uvimbe urudi ndani, kama mtu anayeshindilia nguo kwenye sanduku lililojaa.

"Imetoka tena," Mshonaji alisema.

"Imerudi."

"Sikukuuliza kama imerudi!"

Ngiri ile ilikuwa na miaka miwili. Ilianza ndogo kama kifungo cha koti. Sasa ilijaa kiganja. Seremala hakwenda hospitali. Alijitengenezea mkanda wa ngozi wenye kibao cha duara mbele, wa kuibana ngiri isitoke. Kibao alikipiga randa, akakipiga msasa, akakipaka vanishi. Kiling'aa. Alikionea fahari kuliko kabati lolote alilowahi kuuza.

"Utazikwa na kibao chako," mkewe alisema.

"Mke wangu, kisu sikitaki. Babu yake babu yangu alipasuliwa. Wanaume wanne walimshika. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Siku ya tisa akafa, kidonda kinanuka usaha."

"Babu yake babu yako! Hata jina lake hulijui, lakini kifo chake umekikariri!"

Jirani yao alikuwa anaingia kuchukua aproni zake zilizoshonwa upya. Mtaa mzima ulimwita Mama Mvuke. Alifanya kazi hospitali, katika chumba cha kutayarisha vyombo vya upasuaji, na kila siku alirudi uso umeiva kwa joto.

"Hayo ya babu yawezekana kabisa," alisema.

Mshonaji akamgeukia. "Wewe uko upande gani, shoga?"

"Ngoja nimalize. Zamani upasuaji ulikuwa hivyo kila mahali. Dawa ya usingizi haikuwepo. Mpasuaji hodari alikuwa yule mwenye haraka. Anakata mguu kwa dakika chache, mgonjwa yuko macho. Halafu, karibu miaka mia na themanini iliyopita, wataalamu wakaonyesha dawa ya kuvuta puani, inayomlaza mtu asihisi kisu. Mpasuaji akapata muda wa kufanya kazi kwa utaratibu. Leo, shemeji, hashikwi mtu."

"Na usaha?" Seremala aliuliza.

"Usaha ndio ugomvi wangu." Mama Mvuke alivuta kigoda. "Unaletwa na vijidudu. Jicho halivioni bila hadubini. Zamani wapasuaji hawakuvijua. Kisu kilipanguswa kwenye koti, kikaingia kwa mgonjwa wa pili. Vilipojulikana, watu wakaanza kuviua. Kwanza kwa dawa kali, baadaye kwa joto. Mimi naweka vyombo kwenye mashine ya mvuke, naifunga kama sufuria ya presha. Kisu kikitoka humo, hakina kijidudu hai."

"Kumbe unapika visu!"

"Napika. Tena visipoiva, hapakaliki mle chumbani. Sasa sikiliza, shemeji. Siku uvimbe huo ukikataa kurudi, ukauma, nawe ukaanza kutapika, usisubiri hata saa moja. Utumbo unakuwa umenyongwa. Unaweza kuoza ukiwa ndani, na wewe ukaenda nao."

"Nitafikiria," alisema Seremala, akakaza mkanda.

Mshonaji alisaga meno.

Seremala alifikiria siku nne. Siku ya tano uvimbe ulikataa kurudi. Aliusukuma mpaka jasho likamtoka. Akatapika juu ya maranda. Mshonaji alikuja mbio na mkasi wake wa vitambaa, mkasi ambao hakuruhusu ukate hata karatasi. Akaukata ule mkanda mara moja.

"Leo utafikiria ndani ya gari!"

Hospitalini Seremala alimshika muuguzi mkono. "Watanishika wangapi?"

"Hakuna wa kukushika, baba. Hesabu moja mpaka kumi."

Alifika nne.

Alipozinduka, ngiri ilikuwa imeshonwa. Daktari alimwambia Mshonaji, "Mngechelewa kidogo tu, tungekata na utumbo." Mshonaji alimtazama mumewe aliyelala pale, dhaifu, anatabasamu kama mjinga. Alitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa pamoja. Miaka miwili ya kubembeleza, na yote kwa ajili ya kibao!

Walirudi nyumbani na agizo moja. Bendeji isiguswe mpaka siku ya kurudi kliniki.

Lakini Mshonaji alikuwa na ugonjwa wake. Maisha yake yote alikagua mishono ya wenzake. Njiani alitazama pindo za watu kabla ya nyuso zao. Sasa mtu mwingine ameshona, tena ameshona mume wake, na yeye haruhusiwi kuona?

Siku ya pili aliinuka kwenye cherehani, akaenda kitandani.

"Nitazame mshono tu."

"Wamesema isiguswe," Seremala alisema.

"Siigusi. Naitazama."

Akabandua bendeji nusu. "Mm. Amefunga fundo moja moja. Si mbaya. Lakini hapa angevuta kidogo..." Kidole kikashuka juu ya uzi.

"Toa mkono!"

Mama Mvuke alikuwa mlangoni. Hakubisha hodi.

"Umenawa?"

"Nimenawa asubuhi."

"Asubuhi! Umeshika mafuta ya cherehani na nguo za watu kumi, ndipo unagusa kidonda!"

"Unaniita mchafu nyumbani kwangu?" Mshonaji alisimama. "Mimi? Uliza mtaa mzima! Sakafuni kwangu mtu anaweza kulia chakula!"

"Sikutaja sakafu. Nimetaja mikono."

"Toka!"

Mama Mvuke hakutoka. "Unajua nani mwingine alikasirika hivyo? Madaktari. Zamani, katika hospitali moja, wanawake waliojifungua walikufa kwa homa. Daktari mmoja akagundua kwamba wenzake wanatoka kupasua maiti, wanakwenda moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru kunawa mikono kwa dawa. Vifo vikapungua sana. Lakini wakubwa wengi waliona wametukanwa. Mikono ya waheshimiwa itauaje mtu? Wakampuuza, mwisho akaondoka. Na mama za watu wakaendelea kufa, shoga. Kwa hasira za watu waliojiona safi!"

Sauti yake haikuwa ya kujivuna. Ilikuwa ya mtu ambaye jambo hilo linamchoma kila siku.

Mshonaji alitazama kidole chake. Chini ya ukucha kulikuwa na mstari mweusi wa mafuta. Miaka miwili alimfokea mumewe kwa kutosikia. Yeye mwenyewe alishindwa siku mbili.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Nawa. Halafu twende kliniki sasa hivi."

Kidonda kilisafishwa, kikafungwa upya. Hata hivyo, siku iliyofuata ngozi ilikuwa nyekundu na ya moto. Hawakubahatisha. Walirudi kliniki, wakapewa dawa, na Mshonaji akamhesabia mumewe kila kidonge. Seremala hakuacha utani.

"Kwa hiyo mshono uliuonaje, fundi?"

"Nyamaza, umeze."

Wekundu uliisha. Kuanzia siku hiyo beseni, ndoo ya maji yenye bomba na sabuni vilikaa mlangoni. Mama mkwe alipokuja kumwona mwanawe, Mshonaji alisimama mbele yake.

"Nawa kwanza, mama."

"Mimi? Nimemzaa mwenyewe, leo mikono yangu imekuwa sumu?"

"Kasirika, mama. Hata mimi nilikasirika. Lakini kasirika huku unanawa. Na katikati ya vidole."

Mama mkwe alinawa akinung'unika. Kisha akainua kitu kilichowekwa sabuni. Kilikuwa cha mti, cha duara, kina vanishi, kimechimbwa katikati kwa patasi.

"Kizuri hiki. Mmekipata wapi?"

"Kilikuwa tiba ya mwanao," Mshonaji alisema. "Sasa angalau kinatibu."

Baada ya wiki nyingi, msumeno ulisikika tena uani. Mshonaji aliondoa mguu kwenye pedali, akausikiliza. Halafu akasikia mtu anaguna, kama anayeinua kitu kizito.

"Wewe!" alipiga kelele. "Daktari amekukataza kubeba! Weka chini hilo gogo kabla sijaja na mkasi!"

Gogo likaanguka chini, pu. Msumeno ukaendelea, na cherehani nayo.