Ustadh wa Kiajemi Aliyeulizwa Mara Moja

"Mbele ya watu saba Ustadh alikataa kubaki, Mwanakuu. Wataka nikuletee na mashahidi?"

"Nataka ujue alivyoniahidi, mama."

"Ahadi ya mwanamume anayefunga sanduku." Bimdogo alizidi kupepeta mchele kana kwamba mchele ndio uliomkosea. "Hebu futa macho. Ami yako yuko hapa."

Ami Sheikhan, aliyemlea Mwanakuu tangu babake afariki, alikuwa barazani na barua mkononi. Ilikuwa barua ya kumwita mwalimu mwingine, na ilitakiwa ifike posta kabla ya alasiri.

Mfuko wa kumlipa mwalimu ulianza mwaka wa 1966. Koo za Kibokoni, Mombasa, zinazojisifu kuwa mababu zao walitoka Shirazi zilichangishana ili msomi aletwe kutoka huko, afundishe Kiajemi katika chuo cha watu wazima kule Ganjoni, bure kwa yeyote atakaye. Wazee walitaka kumwona Mshirazi kwa macho yao. Akaja Ustadh Bahman, mwembamba, mpole, ana wino vidoleni, na siku ya kwanza hakuuliza habari za babu wa mtu yeyote. Aliuliza chai.

Mwanakuu, karani wa mfuko, aliingia darasani kuandika mahudhurio. Akabaki kwa ajili ya sauti. Ustadh aliposoma, upepo wa bahari ya Mbaraki uliingia madirishani, vumbi la chaki likaelea, na Mwanakuu akaona bustani ikiota katikati ya madawati: maji yakitambaa chini ya michungwa, waridi zikidondoka juu ya daftari lake. Alirudi nyumbani kila siku kama anayetembea usingizini, akapita mlango wao asijue. Kisha jioni moja akakuta, chini ya alama za zoezi lake, mstari mmoja wa wino wa buluu: *Nikipewa mwaka wa pili, nitamtuma mtu kwa ami yako.*

Juzi kamati ya mfuko, mwenyekiti wake Sheikhan, ilimwalika nyumbani kwao kumuuliza kama atabaki mwaka wa pili. Akakataa. Mwanakuu alikuwa jikoni, akasikia tu watu wakimshukuru. Tangu hapo hakula.

"Alisemaje hasa, ami?"

Sheikhan alijibu bila kumtazama. Ustadh alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema yeye hastahili, watafute aliye bora. "Mtu mzima akisema hapana, huulizwa mara ngapi?"

"Yule ana mambo," Bimdogo akadakia. "Hata halua nilimkaribisha mara tatu. Mara ya kwanza ameshiba. Mara ya pili ameshiba. Mara ya tatu akala nusu sahani."

Mwanakuu akaacha kulia. Aliingia ndani mbio, akarudi na daftari, akifunua karatasi hata moja ikachanika. Somo la kumi na nne, adabu za kukaribishwa. Akasoma kwa sauti:

"Kwetu, mtu wa heshima akipewa jambo kubwa hulikataa mara mbili. Hapana ya kwanza ni salamu, ya pili ni haya. Jibu lake ni la mara ya tatu."

Ungo ukatulia mikononi mwa Bimdogo.

"Kwa hivyo alikuwa yuwangoja tumuulize tena?" Sheikhan akauliza.

"Nanyi mkamshukuru," akasema Bimdogo.

Sheikhan alikataa katakata kurudi kumuuliza. Mwenyekiti kumbembeleza mwalimu, watu watasema nini? Bimdogo akamwambia asibembeleze, akae nyumbani. Nusu ya mfuko ule imetoka kwa kina mama, na mkubwa wao ni yeye. Akaenda kutwaa buibui. Hapo Sheikhan akamkabidhi barua, kwa sharti moja: Ustadh akikubali kwa kinywa chake, waichane. Akikataa, waitie posta leo hii, na jina lake lisitajwe tena nyumba ile.

Walikwenda kwa miguu, mama mbele. Jua lilikuwa jeupe, barabara kimya, na kwa Mwanakuu nyumba zote zilikuwa kama zinaelea. Hakuhisi ardhi hadi walipofika Ganjoni.

Chumbani mwa mwalimu sanduku lilikuwa wazi, vitabu vimefungwa kamba. Ustadh Bahman aliwapa viti, yeye akasimama, macho mekundu.

"Ustadh," akasema Bimdogo kabla ya kukaa sawasawa, "baki mwaka wa pili."

Mkono ukapanda kifuani. "Mna ukarimu mwingi, mama. Mimi si kitu. Yuko aliye bora."

"Hiyo ni ya pili," Bimdogo akasema, na kumgeukia bintiye. "Haya."

Mwanakuu alikuwa ameyapanga maneno mengi njiani. Likatoka moja.

"Baki."

"Nitabaki." Akaketi ukingoni mwa sanduku. "Siku mbili nasikiliza mlango. Nikadhani mmenichoka."

Bimdogo akaichana barua vipande vinne, akavitia mfukoni.

"Mama," akasema Ustadh, "sina jamaa hapa wa kuniletea posa. Niruhusu nimuulize mwenyewe." Bimdogo akatikisa kichwa kukubali. "Mwanakuu, utakubali nikuoe?"

Mwanakuu aliinamisha macho, polepole akaweka mkono kifuani.

"Sistahili, Ustadh. Tafuta aliye bora."

Uso wa mwanamume ulififia. Kisha tabasamu likaanza pembeni mwa mdomo.

"Nakuuliza tena."

"Yuko aliye bora," akasema, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Ustadh akafumbua kinywa, lakini Bimdogo alikwisha simama.

"Yatosha. Mchele nimeuacha uani na kuku. Mwanangu amekubali. Au sivyo?"

"Nimekubali, mama."

"Na posa italetwa na Sheikhan. Yeye ndiye mwenyeji wako, ndiye jamaa yako. Atoke nyumbani kwake, azunguke, abishe mlango wake mwenyewe, na ajijibu. Nitamwambia nikifika."

Akaishika kamba ya vitabu, akaikata kwa meno, akaanza kuvirudisha rafuni kimoja kimoja.