Aliyeitikia Mkiani

Jua lilikuwa linaelekea kuzama timu ya baiskeli ya chuo ilipotoka getini kwa mazoezi, na Mgeni akawa mkiani kama kawaida yake. Ndivyo walivyomwita, Mgeni. Tangu binti huyu ajiunge hakuna aliyejisumbua kumuuliza jina, na yeye kwa haya zake hakulitaja. Chumbani kwake kulikuwa na kitanda cha pili kisicho na mtu. Mama akipiga simu kuuliza kama amepata marafiki, alijibu amepata, kisha akabaki akitazama ukuta. Timu hii ndiyo iliyokuwa tumaini lake. Na kocha alishamwambia bila kuzunguka: leo ukiachwa tena, kesho rudisha jezi.

Nahodha, msichana wa mwaka wa mwisho, ndiye aliyemfundisha.

"Mdogo wangu, ganda nyuma ya gurudumu la mwenzako, yeye akukatie upepo. Akipunga kiwiko, ni zamu yako kupita mbele. Na mimi nikiita 'Tumo?', wa mwisho ajibu 'Tumo!'"

"Na kama nimeachwa?"

"Si utakuwa kimya? Tusiposikia kitu, tunasimama."

Kwenye mlima unaoanza baada ya daraja la mto, miguu ikamgomea. Gurudumu la mwenzake wa mbele likamwacha kidogo, kisha sana, kisha kundi zima likawa taa nyekundu tu zinazopanda kwenye kona. Akajifariji. Jezi itakwenda, sawa, lakini Nahodha akiita atakosa jibu, na watamsubiri. Angalau hatabaki barabarani peke yake.

Sauti ikaja kutoka mbali, ikiletwa na upepo.

"Tumo?"

Mgeni akanyamaza.

"Tumo!"

Ilikuwa sauti yake.

Akajigusa midomo. Ilikuwa imefungwa. Kule juu taa nyekundu zikaongeza mwendo, zikapotelea kwenye kona. Akawaita, upepo ukamrudishia sauti. Hapo ndipo harufu ikamfikia... tope bichi, na chuma kilicholowa.

Mwendesha baiskeli mmoja akampita taratibu. Alivaa jezi ya timu, ya zamani, iliyopauka. Mnyororo wake haukutoa sauti hata kidogo. Mtu mwenye akili zake angegeuza baiskeli palepale. Lakini Mgeni alikuwa amechoka kuwa peke yake, amechoka kweli, na mbele yake palikuwa na mgongo wa mtu. Akaganda nyuma yake.

Upepo ukakatika. Hata ule wa pembeni.

Akakaza macho kwenye gurudumu, kama alivyofundishwa. Matone ya maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye viatu vya yule wa mbele... to... to... na mvua haikuwa imenyesha.

Kiwiko kikapungwa.

Hakuna aliyewahi kumpa zamu ya mbele. Moyo wake, tuseme ukweli, ulifurahi. Akakanyaga kwa nguvu asizozijua, na alipokuwa anampita mwenzake akageuka kumsalimia, kwa adabu tu.

Kamba ya kofia ilikuwa imefungwa vizuri chini ya kidevu.

Kidevu hakikuwepo.

Hakujua alifikaje getini. Wenzake walikuwa ndio kwanza wanashuka, na hakuna aliyeshangaa kumwona.

"Leo umetukomesha!" mmoja akacheka, akamrushia chupa ya maji. "Hivi jina lako nani?"

Kabla hajajibu, Nahodha akamvuta pembeni.

"Ni wewe uliyekuwa unaitikia, eeh?" alinong'ona. "Mwaka juzi tulimwacha mwenzetu pale mlimani. Niliita, nikajibiwa, tukaenda zetu. Baiskeli yake ikaonekana mtoni, chini ya daraja. Yeye mpaka leo... Niambie tu kwamba ni wewe."

Mgeni akamtazama. Akawatazama wale waliokuwa wanamsubiri na maji yao na vicheko vyao, wakitaka kujua jina lake. Akaishika jezi kifuani kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

"Ni mimi, dada."

Nahodha akashusha pumzi, akamkumbatia. Harufu ya tope ilikuwa bado ipo.

Chumbani, Mgeni alifunga mlango kwa ufunguo, akaujaribu tena kuhakikisha. Simu ikalia. Mama.

"Uko peke yako tena, mwanangu?"

Akafungua mdomo kujibu. Nyuma yake, kitanda cha pili kikalia, kama kinavyolia mtu anapokaa.

"Tumo," ikasema sauti yake.

"Afadhali!" Mama akacheka kwa furaha. "Nilikuwa sipati usingizi kwa ajili yako. Haya, nisalimie huyo mwenzio."