Kiwanja Alichochagua Ng'ombe

"Maji haya yana mwenyewe," alisema Apiyo. "Na mwenyewe ni wewe, Mogesi. Yametoka kwako, yamepita kwenye mfereji wako, yamelala jikoni kwangu. Sasa njoo uyachukue."

Apiyo alisimama ndani ya tope, sketi ameikunja, mkononi ameshika dagaa waliolowa. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa nne. Mvua ya jana yake ilikuwa imeanza saa nane mchana na kunyesha mpaka jioni. Watu wa mtaa walikuwa wamekwisha kusogea. Huko pembeni mwa mji wa Tarime ugomvi haupigiwi kengele. Mmoja anasikia, wa pili anaacha chai yake mezani.

Mogesi alijibu kwamba maji ni ya Mungu, na kila mtu ajilinde. Alikuwa amechimba mfereji huo jana, mvua ikimpiga mgongoni, ili maji yasiingie chumba anacholala binti yake. Hakujua yanakokwenda, alisema. Lakini alijua. Aliliona jiko la Apiyo pale chini, akaendelea kuchimba.

"Maji ya Mungu hayachimbiwi njia kwa jembe," alisema Apiyo.

"Wewe umekaa hapa miaka mitatu," Mogesi akamrudishia. "Ulijua bonde hili linajaa. Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe ulimwuliza ng'ombe."

Watu wakacheka. Mogesi akainamisha kichwa. Maneno hayo yalimwingia, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Mogesi alikuwa mkulima na mfugaji wa kijiji cha Itiryo. Yeye na mke wake Rhobi walikuwa na binti mmoja, Sarah, mwenye miaka minane. Sarah alizaliwa na seli mundu. Huo ni ugonjwa wa damu ambao mtoto anaurithi kwa baba na mama. Maumivu yanapoamka, miguu na mgongo vinauma mpaka mtoto anashindwa kulia. Kila mara walimpakia kwenye pikipiki hadi hospitali mjini. Masika njia ilikuwa matope matupu. Siku moja walifika Sarah akiwa hawezi hata kuita jina la mama yake. Siku hiyo Rhobi alisema, "Baba Sarah, tuhamie mjini. Tukae karibu na dawa."

Basi mwezi wa nane, kiangazi kikali, Mogesi alikwenda kutafuta kiwanja. Dalali mmoja, Erasto, alimwonyesha viwili. Kimoja kilikuwa mlimani, udongo mwekundu na mawe. Majani yake yalikuwa yamekauka kama makapi ya mahindi. Cha pili kilikuwa bondeni, kijani kibichi, majani laini yanayofika magotini.

Marehemu baba yake, Mzee Mseti, alimfundisha tangu angali anachunga: kiangazi, mfuate ng'ombe. Pale anapoinamisha kichwa, pana uhai. Mogesi hakuwahi kuona neno hilo likikosea. Siku hiyo alikuwa na maksai wake mwekundu, anampeleka mnadani. Akamfungua kamba. Maksai hakusita. Aliteremka bondeni akaanza kula.

"Amechagua," alisema Mogesi. Erasto akacheka, akampa mkono.

Mogesi hakuuliza majirani. Hakwenda ofisi ya mtaa. Rhobi alipotaka kujua kama pana maji mengi masika, alimwambia kwamba penye majani pana baraka. Walijenga vyumba viwili, wakahamia mwezi wa kumi na moja. Baadaye Erasto akaisimulia habari ya maksai kilabuni, na mtaa mzima ukaipata kabla jua halijazama.

Sasa, watu wakiwa bado wanamcheka Mogesi mbele ya Apiyo, Rhobi alitokea mlangoni. Hakupaza sauti.

"Baba Sarah. Miguu imeanza."

Kicheko kilikatika. Apiyo aliwatazama dagaa mkononi, akawaacha waanguke. Akaingia kwake, akatoka na blanketi la bluu. Lilikuwa kitu pekee kikavu alichobaki nacho.

"Mfunikeni," alisema. "Ugomvi wetu upo, Mogesi. Utatungoja."

Sarah alilazwa siku tisa. Siku za kwanza aliuma pindo la blanketi la Apiyo asipige kelele. Mogesi alikaa kwenye benchi nje ya wodi, viatu vyake vikiacha tope sakafuni. Kila mfagiaji aliyepita alimtazama viatu, na yeye akavitazama pia.

Siku ya tano muuguzi Regina aliwaita wote wawili. Aliuliza kama mtoto anakunywa dawa zake kila siku. Anakunywa. Anakunywa maji ya kutosha? Anakunywa. Akauliza nyumba yao ikoje.

Mogesi alitazama viatu vyake. Rhobi ndiye aliyejibu. Alisema sakafu inatoa maji, godoro linalowa kwa chini, na choo kimejaa maji mpaka juu.

Regina aliandika, kisha akaweka kalamu. "Seli mundu haipendi baridi," alisema. "Haipendi unyevu, wala homa, wala kuhara. Hayo yote yanaamsha maumivu. Sisi hapa tunamtibu. Lakini mkimrudisha kwenye sakafu ile, mtamleta tena. Na siku nyingine mnaweza kuchelewa."

Walitoka hapo. Karibu na geti Rhobi alisema taratibu, "Tulihama ili apone."

Hakusema zaidi ya hapo. Mogesi alitamani angesema.

Sarah alipotoka, hawakumrudisha bondeni. Walipanga chumba kimoja mtaa wa Bomani, nyuma ya duka la vipuri. Kilikuwa kidogo na chenye kelele, lakini kikavu. Mogesi alirudi peke yake kwenye kiwanja chake. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuufukia ule mfereji. Apiyo alimwona, akaendelea kuanika vyombo vyake.

Akiwa anafukia, alipita Nashoni, mchimba vyoo. Nashoni ni mtu wa maneno mengi. Amechimba vyoo na visima mtaa baada ya mtaa, na hakuna nyumba asiyoijua siri yake.

"Mura, unazika nini?" aliuliza, kama Wakurya wanavyomwita mwanamume mwenzao.

"Ujinga wangu," alisema Mogesi.

"Basi shimo hilo ni dogo," alisema Nashoni. Halafu akaona uso wa mwenzake, akaacha mzaha. Alichukua jembe, akachimba shimo jipya lenye kina cha goti. Udongo ulitoka wa kijivu, una madoa kama ya kutu. Maji yakaanza kujikusanya chini kabla hajamaliza.

Nashoni alimwonyesha donge la udongo. "Udongo huu unakaa na maji kila mwaka. Ndiyo maana una rangi hii. Ungechimba hivi mwezi wa nane, ungeyaona madoa haya haya. Tazama na yale matete. Sikiliza na vyura. Ardhi inasema, mura. Wewe ulisikiliza ng'ombe."

"Ng'ombe hajawahi kunidanganya."

"Hata hapa hakukudanganya. Alitafuta majani, akayapata. Wewe ndiye uliyekuwa unatafuta mahali pa kumlaza mtoto. Hiyo si kazi ya ng'ombe."

Mogesi alikaa juu ya mpini wa jembe lake. Nashoni naye akakaa, akamweleza kama mtu anayesimulia habari za majirani. Alisema yeye huanza kuuliza wanawake wanaoteka maji na kufua, kwa sababu wao wanajua maji yalifika wapi mwaka jana. Hutazama kuta za nyumba za jirani, kama zina mstari wa tope. Huchimba shimo la kiuno, akamwaga ndoo ya maji, kesho akarudi kuona kama yamenywea. Kisha huenda ofisi ya mtaa na ofisi ya ardhi, aone mchoro wa mji unasema nini. Mahali pengine mji umeshapanga barabara, au umekataza nyumba kabisa, na dalali hasemi.

"Na usinunue kiangazi," alimalizia. "Au ukinunua kiangazi, uwe umeshapaona masika. Kiangazi kila kiwanja ni kizuri. Ni kama bwana harusi."

Mogesi alikwenda ofisi ya ardhi kesho yake. Karani alifungua mchoro, akaweka kidole kwenye bonde lao. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani. Haparuhusiwi nyumba. Ramani hiyo ilikuwapo hapo miaka yote, na kuitazama hakukuhitaji hata ng'ombe.

Wiki ileile Erasto alimpigia simu kwa furaha. Alikuwa na mteja, kijana anaitwa Joel, mfugaji kutoka Kenyamonta. Mvua zilikuwa zimepumzika, majani yamenawiri. Erasto alisema Joel amependa, hana maswali, na ana haraka kwa sababu ana watoto wadogo wa kuleta shule. Mogesi angerudisha kila alichopoteza. Kazi yake ilikuwa kunyamaza tu.

Mogesi alihitaji sana kunyamaza siku hiyo. Maksai alikuwa ameuzwa. Nguvu zake zilikuwa zimezama kwenye tope pamoja na msingi. Alifika kiwanjani akamkuta Joel amesimama katikati ya majani, anatabasamu kama Mogesi mwenyewe alivyotabasamu mwezi wa nane.

"Yanafaa ng'ombe," alisema Joel.

Mogesi aliona mbele yake blanketi la bluu, na meno ya mtoto kwenye pindo.

"Ng'ombe yanamfaa," alisema. "Njoo nikuonyeshe ninapolala mimi." Akamwingiza ndani. Akamwonyesha mstari wa tope ambao mvua za baadaye ziliuacha ukutani, juu kidogo ya kitanda. Joel aliweka kiganja pale, akapima kwa mwili wake. Ulifika kiunoni. Kisha akaushusha mkono hadi urefu wa mtoto mdogo, akauondoa haraka.

Hakununua. Erasto hajamsalimu Mogesi tena mpaka leo. Akikutana naye njiani, hutazama simu.

Mogesi na Rhobi walianza upya, safari hii wakiwa wawili na Nashoni wa tatu. Mvua ikinyesha, wao wanatoka. Watu waliwaona wakitembea milimani na jembe na ndoo, wakasema mtoto amewachanganya akili. Kiwanja kimoja walikikataa kwa sababu kilikuwa kwenye njia ya maji yanayoshuka mlimani. Kingine udongo ulikuwa mzuri, na Mogesi alikuwa tayari. Lakini Rhobi alimwona mke wa muuzaji amekaa pembeni, amegeuzia watu mgongo. Akaenda kukaa naye. Aliporudi alisema, "Yule mama hajakubali. Wala shemeji zake hawajaambiwa. Twende." Wakaondoka.

Walichopata mwishowe kilikuwa mlimani, udongo mwekundu na mawe. Shimo lao lilijaa mvua jioni, asubuhi likawa kavu. Mchoro ulisema ni makazi. Muuzaji alikuja na mke wake, wakatia saini wote wawili, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na majirani. Hapakuwa mbali na kile kiwanja ambacho maksai alikataa hata kukikanyaga.

Kilikuwa kidogo. Waling'oa mabati ya nyumba ya bondeni, wakabeba matofali yaliyosalia mazima, na yalikuwa machache. Nyumba mpya ilipata chumba kimoja na jiko. Choo alichimba Nashoni mwenyewe, akilalamika juu ya kila jiwe. Ng'ombe hawakuwa na pa kulala hapo. Mogesi alibakiza mmoja kwa kaka yake Itiryo, na wengine wote wakauzwa. Jioni alizoea kusimama mlangoni kama anayehesabu mifugo, kisha hukumbuka, akaingia ndani. Kule bondeni alibakiza majani tu, akamwambia yeyote mwenye ng'ombe akate.

Mwezi wa nne ulirudi. Mvua zilikuwa kubwa kuliko za mwaka uliopita. Maji yaliteremka kando ya nyumba yao yakaenda zake, na sakafu ikabaki kavu. Sarah aliumwa mara moja mwezi huo. Walifika hospitali kwa miguu, akapewa dawa, jioni wakarudi naye. Hakulazwa. Seli mundu haikuondoka. Rhobi alijua haitaondoka, na kila asubuhi bado aligusa miguu ya mtoto kabla hajamwamsha. Lakini asubuhi nyingi zilikuwa za amani.

Mchana mmoja mvua ilikuwa imekatika kidogo. Mogesi aliona mtu anapanda kilima, mfuko kichwani, viatu mkononi. Alikuwa Apiyo. Tope lilimfika magotini. Alisimama uani, akautua mfuko, akavuta pumzi.

"Hodi. Nimekuja kuchukua blanketi langu," alisema. "Na ugomvi wangu. Niliuacha kwako mwaka jana."

"Jiko liko salama?" aliuliza Mogesi.

"Liko chini. Ukuta umelala alfajiri. Chumba nacho sijui." Alitazama sakafu yao, akaitazama tena. "Safari hii si maji yako. Ndiyo maana nimekosa wa kugombana naye."

Mogesi alitaka kusema juu ya mfereji, juu ya jiko aliloliona siku ile akaendelea kuchimba. "Niliona," alisema. "Siku ile. Niliona yanakwenda kwako."

"Najua uliona," alisema Apiyo. "Ningekuwa mimi, ningechimba hivyo hivyo. Bado nina hasira."

Sarah alitokea mlangoni, akamwamkia shikamoo. Mabegani alikuwa amejifunika blanketi la bluu, limefuliwa, kavu. Apiyo aliinua mkono kulipokea, kisha akalivuta vizuri lifunike shingo ya mtoto, akaliacha.

Rhobi alitoka jikoni, ameshika mwiko wenye ugali. Aliuona mfuko uliolowa pale chini. Akaubeba mwenyewe, akauingiza ndani.

"Blanketi lipo, na ugomvi upo," alisema. "Lakini ugali unapoa, dada. Nawa mikono, ingia tule."